Taa Nyekundu kwenye Gari la Baba

Mama alifungua mkoba wake wa kanisani, akatoa leseni ya udereva, akaiweka mezani kati ya bakuli la sato na sinia ya ugali wa muhogo. Ilikuwa mpya, bado inang'aa. Kwenye picha alikuwa amekunja uso kama mtu anayesubiri kuulizwa swali gumu.

"Ya nani hii?" niliuliza, ingawa sura nilikuwa naiona.

"Huoni?"

Mama yangu ni mkunga mstaafu. Mimi ni mtoto wake wa mwisho, na ndiye niliyebaki naye nyumbani Igogo. Kwa muda mrefu nilikuwa namwona akiondoka asubuhi na viatu vya kufunga kamba, akisema anawahi mazoezi ya kwaya. Nilishangaa kwaya gani inayoimba kila siku. Kumbe alikuwa chuo cha udereva, amekaa darasani na vijana wenye umri wa wajukuu zake, akijifunza alama za barabarani.

"Sasa nataka gari la baba yako liamke," alisema huku akikata tonge. "Nataka kwenda Bujora kwa dada yangu. Na usukani nishike mimi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Halafu nikaona yeye hacheki, nikanywa maji.

Gari la baba lilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mawe, chini ya turubai. Baba alikuwa fundi wa meli za ziwani, na gari hilo alilinunua zamani, kabla mimi sijazaliwa, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba na aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Lilikuwa gari dogo la michezo, la rangi ya kijani, viti viwili tu, halina paa. Jumapili baba na mama walikuwa wanalipanda kwenda kanisani, sisi watoto tunafuata kwa miguu na kukuta limezungukwa na watu. Boneti lake lilikuwa linafunguka pamoja na mabawa yote ya mbele, likiinuka kama kiboko anayepiga mwayo. Baba alikuwa hamruhusu mtu mwingine kuligusa. Alipofariki, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliuza wala kuliwasha. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha abiria.

Kesho yake tulivuta turubai. Kuku alitoka akipiga kelele kama tumemwibia.

Kazi tuligawana. Jirani yetu ni fundi magari, na watoto wake wote walizaliwa mikononi mwa mama, kwa hiyo hakuwa na namna ya kukataa. Yeye alichukua injini, breki na matairi. Umeme ukawa wangu, maana riziki yangu ni taa. Ninafunga betri na taa za mitumbwi ya dagaa, zile zinazoelea juu ya maji usiku na kuwavuta samaki. Betri nazijua, waya nazijua. Nilijiambia gari dogo kama lile litanichukua mchana mmoja.

Halikunichukua mchana mmoja.

Nilisafisha nguzo za betri mpya, nikashika waya wa hasi ili niufunge kwenye bodi ya gari, kama ninavyofanya siku zote. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi vitamu.

"Sivyo," akasema.

"Sivyo nini, mama?"

"Baba yako alikuwa anafunga ile yenye alama ya kujumlisha kwenye bodi. Alikuwa anasema gari hili limevaa shati ndani nje."

Nilitaka kumwambia haiwezekani. Kabla sijafungua mdomo niliushika ule waya mnene wa zamani uliofungwa kwenye chuma cha bodi, nikakwangua kutu kwenye kibano chake. Chini ya kutu kulikuwa na alama ya kujumlisha, imechongwa kabisa. Waingereza wa enzi hizo waliamua bodi nzima ya gari iwe upande wa chanya. Ningefunga kwa mazoea yangu, ningetafuta kosa wiki nzima, kama si kuunguza kitu. Nilimwangalia mama. Yeye alikuwa anaendelea kumenya.

Baada ya hapo nilianza kulipenda lile gari kwa namna nyingine. Saa zake za kupimia mwendo, mafuta na joto zilikuwa katikati ya dashibodi, kati ya dereva na abiria, hivyo wote wawili wanaona sawasawa. Ndani ya saa hizo kulikuwa na vijitaa vidogo kama punje za mahindi. Kijani cha indiketa, bluu ya taa kubwa, rangi ya chungwa ya oili, na nyekundu ya chaji. Vyote vilikuwa vimekufa. Nilivichomoa kimoja kimoja kutoka nyuma ya dashibodi nikiwa nimelala chali sakafuni, miguu inaning'inia nje ya mlango, vumbi la miaka linaniangukia machoni. Balbu mbili zilikuwa zimeungua. Nyingine zilikuwa nzima, ila vishikio vyake vilikuwa na kutu, umeme haupiti. Nilivisugua kwa msasa mpaka vikang'aa.

"Washa ufunguo," nikamwambia mama.

Akaingia, akakaa vizuri kana kwamba anapigwa picha, akageuza ufunguo.

Nyekundu ikawaka! Na ile ya oili ikawaka! Nilipiga kelele kule chini nikagonga kichwa kwenye dashibodi.

Mama hakufurahi. "Mbona zinawaka? Si ndiyo kusema gari ni bovu?"

Nikajifuta vumbi, nikakaa kwenye kiti cha kuku, nikamweleza. Ile ya oili ina swichi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake kuna springi. Injini ikiwa imelala, oili haina presha, springi inasukuma swichi inajifunga na taa inawaka. Injini ikiamka, pampu inasukuma oili, oili inaishinda springi, swichi inafunguka na taa inazimika. Kwa hiyo ufunguo ukigeuzwa taa isipowaka, hapo ndipo pa kuogopa, maana siku oili itakapokwisha nayo itakaa kimya vilevile.

"Na nyekundu?"

Nyekundu ndiyo iliyonifurahisha zaidi, na nadhani nilieleza kwa mikono mpaka jirani akaacha kazi yake akasogea kusikiliza. Hiyo haina swichi yoyote ya kuitambua hitilafu. Ni balbu ya kawaida tu, iliyowekwa katikati ya pande mbili. Upande mmoja kuna betri, upande wa pili kuna dainamo, yaani kile chombo kinachozungushwa na mkanda wa feni ili kitengeneze umeme. Injini isipozunguka, betri ina nguvu na dainamo haina kitu, kwa hiyo umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye balbu kuelekea kwenye dainamo, na taa inawaka. Dainamo ikianza kuzunguka inatengeneza umeme wake. Inapofikia nguvu sawa na betri, umeme unakosa pa kwenda. Huku ni sawa na kule. Balbu inazimika.

Mama alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ikizimika wamepatana."

"Wamepatana."

"Na ikiwaka njiani, mmoja wao amechoka."

"Hasa dainamo. Au kinachoizungusha."

Jirani alitikisa kichwa akicheka, akasema yeye miaka yote hiyo anajua ikiwaka ni chaji, basi, hakuwahi kuuliza kwa nini.

Siku injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza, nusu ya mtaa ilikuwa uani kwetu. Ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikazimika. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ilishika, ikanguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto. Mama hakuitazama injini wala watu. Macho yake yalikuwa kwenye dashibodi. Taa ya oili ikafifia, ikatoweka. Akakanyaga mafuta kidogo, na nyekundu nayo ikanywea, ikazimika.

"Wamepatana!" akapiga kelele, na watu wote wakapiga makofi ingawa hawakujua nani kapatana na nani.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya majabali ya Igogo. Mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani kwa mafundo mawili. Gari lilizima mara mbili kabla hatujatoka uani, na mara zote mbili alisema "Tulia" kwa sauti ile aliyokuwa akiwaambia wazazi wodini. Halafu klachi ikakubali, na tukaingia barabarani.

Sijui niielezeje furaha ile. Gari liko chini kiasi kwamba nilikuwa naziona hata nyayo za watu. Upepo wa ziwa ulitupiga usoni mpaka tukatokwa na machozi. Mabatini watu wa bodaboda walitupigia honi, na mama akajibu kwa honi ya kwake, ambayo ilitoa mlio kama bata. Buzuruga trafiki alitusimamisha. Alitazama gari, akamtazama mama, akaomba leseni. Mama alimpa kama mtu anayempa mgeni zawadi. Trafiki alisoma mwaka wa kuzaliwa, akasoma tena.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna kosa?"

"Hakuna. Naomba tu nipige picha."

Akapiga picha yake na gari, na ya pili akiwa na mama. Tukaendelea Nyakato, tukapita Igoma, nyumba zikaanza kuachana na mashamba yakaanza kuonekana kati ya majabali. Mama alikuwa ameingiza gia ya nne. Alikuwa anaimba.

Ndipo tukasikia kishindo kidogo mbele, kama jiwe limegonga chuma. Sote tulidhani ni kokoto. Lakini papo hapo ile nyekundu ikawaka. Haikuanza kwa kufifia. Iliwaka yote kwa mara moja, kali, katikati yetu.

"Imewaka," mama alisema, akaacha kuimba.

"Ni chaji tu, mama. Mchana huu hatuhitaji taa. Betri ni mpya, itatufikisha Kisesa, pale karibu na Bujora, bila wasiwasi."

Mama alitoa mguu kwenye mafuta, akawasha indiketa, akasogea pembeni na kusimamisha gari karibu na akina mama waliokuwa wanauza viazi na dagaa. Akazima injini.

"Mama, nimekwambia betri—"

"Nimesikia. Wewe umesema dainamo au kinachoizungusha. Fungua tukione."

Niliinua ile boneti kubwa. Mkanda wa feni haukuwepo mahali pake. Ulikuwa umelala chini ya injini, umechanika vipande kama utumbo wa samaki. Na hapo nikakumbuka kwamba katika gari lile mkanda uleule unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni na pampu ya maji. Betri ingetufikisha Kisesa kweli. Injini isingefika. Maji yangechemka, chuma kingepinda, na kazi yote ya jirani yetu ingekufa pale pale kando ya shamba la mihogo. Lile gari halikuwa na taa ya joto. Lilikuwa na mshale tu, na mshale huo bado ulikuwa haujaanza kupanda. Taa ya chaji ndiyo iliyowahi.

Nilimweleza mama. Alivuta pumzi, kisha akaanza kucheka, na kicheko chake kilinivuta na mimi, tukacheka tumeshikilia gari mpaka akina mama wa dagaa wakasogea kuuliza kuna nini.

Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alituamkia. Mama aliitikia, akasikiliza lafudhi, akamuuliza jambo kwa Kikerewe. Yule mwanamke alipiga makofi. Alikuwa wa Nansio, kule kisiwani, na mama kazaliwa Nansio. Dakika hiyo hatukuwa wageni tena. Kikaletwa kigoda, maji yakaja, na mama akaeleza shida yetu kwa lugha ambayo mimi naielewa nusu tu.

Kisha akanigeukia. "Mkanda kazi yake nini? Kuzunguka tu, si ndiyo?"

"Kuzunguka bila kuteleza."

"Kamba ya nyavu haitafaa?"

Nikatazama mifereji ya magurudumu matatu ya injini ambayo mkanda huzungukia. Ilikuwa na umbo la herufi V. Kamba ikikazwa sana ingezama ndani na kubana. "Fundo litakuwa shida," nikasema. "Litagonga na kurukaruka."

"Nani kasema habari za fundo?"

Yule mwanamke wa Nansio alifungua kamba ya nailoni iliyokuwa imefunga gunia lake la dagaa. Mama aliipima kuzunguka magurudumu, akaikata, akakaa kwenye kigoda. Baba yake alikuwa mvuvi. Alifumua ncha zote mbili, nyuzi zikatawanyika, akaanza kuzipitisha nyuzi za upande huu katikati ya nyuzi za upande ule, akivuta kwa meno, akizungusha kwenye paja, mpaka kamba ikawa duara moja isiyo na mwanzo wala mwisho. Ukipitisha kidole ungehisi unene kidogo tu pale kiungo kilipo. Sikuwahi kumwona mama akifanya kazi hiyo. Nilimuuliza alijifunza lini, akasema kabla hajajua kusoma.

Nililegeza bolti ya dainamo nikaisogeza karibu na injini, nikavalisha kamba kwenye magurudumu, kisha nikaisukuma dainamo nje kwa mpini wa jembe tulioazimwa mpaka kamba ikalia kama uzi wa zeze. Nikakaza bolti. Akina mama wote walikuwa wamezunguka.

"Washa!"

Injini ikaamka. Kamba ikazunguka. Feni ikapuliza. Nikakimbia kwenye dashibodi. Nyekundu ilikuwa inawaka, lakini kwa unyonge, inapepesa. Mama akakanyaga mafuta, ikazidi kufifia, ikabaki kama kaa la moto kwenye majivu.

"Inateleza kidogo," nikasema. "Dainamo inazunguka lakini haijafikia nguvu ya betri. Na feni nayo inazunguka kwa kiasi hichohicho."

"Basi taa itaniambia niende vipi."

Na ndivyo tulivyokwenda. Sijawahi kusafiri taratibu namna ile huku moyo unadunda hivyo. Mama alikuwa anaendesha kwa kuisikiliza ile taa. Ikiwaka zaidi alipunguza gia, injini ikazunguka haraka wakati gari linakwenda polepole, na taa ikanyamaza. Akikanyaga mafuta kwa ghafla kamba iliteleza na taa ikaruka juu. Akikanyaga kwa upole ilishika na taa ikazimika kabisa. Mimi nilikuwa natazama mshale wa joto na kuusoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. "Umepanda kidogo! Umetulia! Umetulia, mama!" Baiskeli moja yenye kreti za soda ilitupita, mwenye baiskeli akatupungia mkono kwa huruma. Mama alimpigia honi ya bata.

Kisesa tulimkuta mtu anayeuza vipuri vya mashine za kusaga. Mikanda ya mashine za kusaga nayo ina umbo la V, na ilikuwa imening'inia mlangoni mwake kama nyoka waliouawa. Nilimpa ile kamba ya mama ili iwe kipimo. Aliipitisha vidoleni mara kadhaa akitafuta fundo, hakulipata, akamwita mwenzake waje waitafute wote. Kisha akapima na kuniletea mkanda. Ulikaa kwenye magurudumu kana kwamba ulizaliwa Uingereza pamoja nao. Nilipowasha, mama akakanyaga mafuta kidogo tu, nyekundu ikazimika moja kwa moja, na mimi nikarukaruka pale barabarani na grisi zangu, mwanamke mzima.

Bujora ni hapo karibu. Mama mkubwa, dada yake mama, aliolewa huko ujanani na hakutoka tena. Tulimkuta amekaa kibarazani na fimbo yake, miguu haina nguvu siku hizi. Alisikia mngurumo kabla hajatuona. Alipoona ni gari la kijani, alisimama. Alipoona nani yuko nyuma ya usukani, alikaa tena.

"Dada, shikamoo," mama alisema, bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Marahaba. Shuka nikuone vizuri."

"Panda wewe."

Wajukuu walitaka kumbeba, akawafukuza kwa fimbo. Alikuja mwenyewe, hatua kwa hatua, nikamfungulia mlango, akajishusha kwenye kile kiti cha chini akisema Yesu na Maria kila inchi. Miguu yake ikanyooka mbele vizuri kuliko kwenye kiti chochote cha nyumbani kwake. Aliigusa dashibodi kwa kiganja. "Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa naliona linapita na shemeji."

Waliondoka bila kunikaribisha, maana viti ni viwili. Nilibaki na wajukuu uani, tunasikiliza mlio ukielekea kanisani, ukipotea nyuma ya mawe, ukitokea upande mwingine, honi ikilia kila walipopita nyumba ya mtu wanayemjua. Chakula kikaiva. Wali ukaanza kupoa.

Waliporudi, vitambaa vyao vyote viwili vilikuwa vimefunguka na mvi zimesimama wima kwa upepo. Mama alizima injini. Nikaenda kufungua mlango wa abiria ili nimsaidie mama mkubwa kushuka.

"Funga," akaniambia. "Mimi sishuki. Leteni sahani hapa hapa."

Tukampelekea sahani. Alikula wali na kuku akiwa ndani ya gari, kitambaa mapajani, na kila jirani aliyekuja kumsalimia alilazimika kuinama mpaka kiunoni ili ampe mkono.